Basic Instinct: alama ya wahakiki, alama ya umri, na swali la mzazi

Ukiitafuta Basic Instinct mtandaoni, unapokelewa na alama kabla hujafika hata kwenye majina ya waigizaji. Kuna herufi R ya Marekani, kuna 18 ya Uingereza, zote alama za umri, kuna na asilimia ya wahakiki, ambayo kwa filamu hii inachezea karibu na nusu. Mzazi anayejiuliza kama kijana wake wa miaka 15 anaweza kuitazama huzisoma zote kana kwamba zinajibu swali moja. Hazijibu. Kila moja imewekwa na watu wake kwa sababu zao, na mojawapo ilipatikana kwa kukata picha zisizofika dakika moja.

Kwa wasioijua, filamu ilitoka Machi 1992. Mwongozaji ni Paul Verhoeven, Mholanzi ambaye tayari alikuwa ametengeneza RoboCop na Total Recall huko Hollywood. Mswada ni wa Joe Eszterhas, na kampuni ya Carolco iliununua kwa dola milioni 3, bei iliyowashtua watu wa fani nzima wakati huo. Mwanamuziki wa roki aliyestaafu anauawa kitandani jijini San Francisco, mikono imefungwa kwa skafu ya hariri, silaha ikiwa chuma chenye ncha cha kuvunjia barafu. Mshukiwa ni Catherine Tramell, mwandishi tajiri wa riwaya, anayeigizwa na Sharon Stone. Tayari ameshachapisha kitabu chenye mauaji ya namna ileile, na hoja yake mbele ya polisi ni kwamba hakuna mpumbavu wa kuua kwa kufuata kitabu chake mwenyewe. Mpelelezi Nick Curran, yaani Michael Douglas, anapewa kazi ya kumchunguza na anaishia kulala naye.

Steling wa picha hili, kama wanavyosema kwenye vibanda vya video, hana wema wa kujivunia. Amewahi kuwapiga risasi watalii akiwa kazini, anajaribu kuacha pombe na kokeini, na hasira zake zinawatisha hata wenzake. Hapo ndipo ugumu wa filamu hii unapoanzia, kwa mhakiki na kwa mzazi pia: hakuna mtu mle ndani wa kumshika mkono mtazamaji na kumwonyesha lipi baya.

Wahakiki waligombania nini

Roger Ebert wa gazeti la Chicago Sun-Times aliipa nyota 2 kati ya 4. Shida yake haikuwa uchi. Aliiona kama fumbo la maneno la gazetini: linakushika mpaka ulijaze, na ukishalijaza limebaki karatasi ya kutupa. Mwisho wa filamu, kwa maoni yake, haukutokana na tabia za wahusika, ungeweza kubandikwa wowote. Ni shutuma ya ufundi wa kusimulia, na nadhani kwa sehemu alikuwa sahihi, maana ukiitazama mara ya pili ukimjua muuaji utaona vidokezo vingi vilivyowekwa makusudi kukupoteza, si kukuongoza.

Upande wa pili walikuwepo walioona mkono wa fundi. Kamera ya Jan de Bont inateleza kwenye barabara za kando ya bahari kama inamnyemelea mtu, na muziki wa Jerry Goldsmith haukuachii utulivu hata pale ambapo hakuna kinachotokea. Muziki huo uliteuliwa kwa tuzo ya Oscar, na uhariri wa Frank Urioste pia. Stone akateuliwa Golden Globe kama mwigizaji bora wa kike wa drama. Msimu huohuo, Razzie, zile tuzo za kejeli zinazotolewa kwa kazi mbovu, zikamtaja Douglas, zikamtaja Jeanne Tripplehorn aliyeigiza daktari wa saikolojia wa polisi, na zikamtaja Stone huyohuyo.

Kwa hiyo ile asilimia inayokaribia nusu isikudanganye kwamba filamu ni ya wastani. Namba ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, haisahihishwi kama mtihani wa darasa la saba. Inasema tu kati ya wahakiki 100 ni wangapi walitoa maoni ambayo kwa jumla ni mazuri. Filamu ambayo kila mhakiki ameiona inatazamika, bila kuipenda sana, inaweza kupanda hadi 90. Filamu iliyowafanya nusu washangilie na nusu watoke wakilaani itabaki 50. Tena mahesabu hayo huchanganya maoni ya 1992 na yale yaliyoandikwa miongo baadaye, wakati Verhoeven ameshageuka mwongozaji wa kuheshimiwa na filamu imesafishwa upya kwa ajili ya toleo la 2021. Mtu aliyeandika akiwa na tiketi ya wiki ya kwanza na mtu aliyeandika baada ya kuisoma chuoni wanatiwa kwenye kapu moja.

Halafu kuna ugomvi uliotangulia wahakiki wote. Mwaka 1991, filamu ikiwa bado inapigwa San Francisco, wanaharakati wa makundi kama Queer Nation, yanayotetea haki za wapenzi wa jinsia moja, walifika kwenye maeneo ya upigaji picha na filimbi na honi ili kuharibu sauti. Walikuwa wamesoma mswada. Lalamiko lao lilikuwa kwamba wanawake wote wa filamu hiyo wenye mahusiano na wanawake wenzao ni wauaji au washukiwa wa mauaji, katika kipindi ambacho Hollywood karibu haikuwa na wahusika wengine wa aina hiyo wa kulinganisha nao. Mahakama iliwaamuru wakae mbali. Eszterhas mwenyewe alikutana nao na kupendekeza mabadiliko kwenye mswada wake. Verhoeven na studio wakakataa. Filamu ilipotoka, baadhi ya wanaharakati walisimama kwenye foleni za tiketi wakiwatajia watu jina la muuaji. Silaha ya ajabu, na ya werevu, dhidi ya filamu inayoishi kwa siri moja.

Wanaharakati wa haki za wanawake nao waligawanyika. Wapo walioona chuki dhidi ya wanawake kutoka mwanzo hadi mwisho. Wapo, kama mwandishi Camille Paglia, waliomtetea Catherine kama mwanamke mwenye akili kuliko wanaume wote waliomo. Paglia alifika hadi kurekodi maelezo yake ya sauti yaliyowekwa kwenye DVD. Ukitaka kuelewa hoja yake, kumbuka Fatal Attraction ya 1987, ambayo pia ilikuwa na Michael Douglas. Mle, mwanamke anayemtamani mume wa mtu anauawa mwishoni na familia inabaki salama. Catherine haadhibiwi na mtu yeyote. Watazamaji waliozoea kwamba mwovu lazima alipe walitoka wakiwa wamechanganyikiwa, na bado wakaendelea kununua tiketi: filamu iliyogharimu takriban dola milioni 49 iliingiza zaidi ya milioni 350 duniani.

Katika makelele yote hayo, hakuna aliyekuwa akijibu swali la mzazi. Mhakiki hupima kazi. Mwanaharakati hupima taswira ya kundi lake. Filamu inaweza kuwa kazi bora kabisa na isimfae mtoto hata kwa dakika tano, na inaweza kuwa takataka isiyomdhuru yeyote.

Sekunde zilizobadili herufi

Alama ya R inatolewa na jopo lililo chini ya chama cha studio kubwa za Marekani, MPAA, ambacho tangu 2019 kinaitwa MPA. Mfumo ulianza Novemba 1968, chini ya Jack Valenti, na sababu yake kubwa ilikuwa biashara: studio zilitaka kujipangia daraja zenyewe kabla serikali na mabaraza ya miji hayajawapangia. Wanaokaa kwenye jopo ni wazazi, na kwa kawaida majina yao hayatangazwi. Si kazi yao kusema filamu ni nzuri, wala hawatakiwi kusema ina madhara gani. Wanakadiria mzazi wa kawaida wa Marekani angeiweka daraja gani.

Juu kabisa ya daraja hizo kulikuwa na X. Kwa kuwa MPAA haikuisajili kama alama yake ya biashara, watengenezaji wa ponografia waliichukua wakajibandikia wenyewe, wengine wakaiandika mara tatu ili ionekane kali zaidi. Septemba 1990 ikazaliwa NC-17, isiyomruhusu mtoto hata akiwa na mzazi, ili filamu za watu wazima zenye heshima zipate mahali pao. Haikusaidia sana. Magazeti mengi yalikataa matangazo ya filamu za NC-17, majumba mengi ya sinema yalikataa kuzionyesha, na Blockbuster, duka kubwa la kukodisha kanda, halikuziweka. Studio iliyotumia mamilioni haikuwa na nafasi ya kubembeleza herufi hiyo. Mkataba wa Verhoeven ulimdai filamu ya R.

Alipoipeleka mara ya kwanza, jopo liliona ni NC-17. Akairudisha chumba cha uhariri, akaipeleka tena, ikarudi tena. Mwishowe kilichokatwa hakikufika dakika moja. Hakuondoa tukio hata moja. Alichofanya ni kupunguza sekunde hapa, kubadili pembe ya kamera pale, kwenye mauaji ya mwanzoni na kwenye matukio ya kitandani. Hadithi ikabaki ileile, maiti zilezile, mwisho uleule, herufi ikawa R. Ulaya ikatazama toleo refu, na Wamarekani nao wakalipata baadaye kwenye kanda za video zisizo na daraja lolote.

Miaka mitatu baadaye, Verhoeven na Eszterhas walijaribu njia ya pili. Showgirls ya 1995 ilitoka na NC-17 yake bila kukatwa, ikaanguka vibaya kwenye majumba ya sinema. Tangu hapo hakuna studio kubwa iliyohitaji kuelezwa mara mbili kwa nini sekunde zile zilikatwa.

Sasa tazama maana ya R kwa mzazi. R haimkatazi mtoto. Inasema aliye chini ya miaka 17 aingie na mzazi au mlezi mtu mzima. Kwa kanuni hiyo, baba wa Ohio angeweza kumpeleka mtoto wa miaka 9 kutazama Basic Instinct na asingevunja sharti lolote la daraja lile. Uingereza, bodi ya BBFC iliipa 18, na 18 ya kule haimjali mzazi: aliye chini ya umri haingii, awe na baba, awe na babu. Filamu moja, nchi mbili zinazoongea lugha moja. Anayesoma R na 18 kama vipimo viwili vya kitu kimoja, kana kwamba tofauti yake ni mwaka mmoja tu, anakosea mwanzo mwisho. Moja inamwachia mzazi uamuzi, nyingine inamwondolea.

Kile ambacho alama haikukisema

Sababu za R zilizotajwa na jopo ni ukatili mkali na mahaba, pamoja na dawa za kulevya na lugha. Orodha ni ya kweli. Lakini ipo sehemu moja ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote, na orodha imeipita kama haipo.

Mapema kwenye filamu, Nick, akiwa amechemka baada ya kumsikiliza Catherine, anakwenda na daktari Beth Garner nyumbani kwake. Waliwahi kuwa wapenzi. Mambo yanaanza kwa hiari. Kisha Nick anabadilika, anamkandamiza, Beth anamwambia aache, yeye haachi. Baadaye Beth analalamika kwamba hajawahi kumwona akiwa hivyo, Nick anatoa jibu la mkato, na hadithi inaendelea kana kwamba wawili wamegombana tu kuhusu chakula. Hakuna anayelitaja tendo lile kwa jina lake. Polisi wamejaa kwenye filamu nzima na hakuna hata mmoja anayeulizwa kuhusu hilo.

Tukio hilo nalo lilipunguzwa ili kupata R. Kilichopunguzwa ni kile jicho linachoona. Wazo, kwamba mwanamume aliyekasirika anaweza kumlazimisha mwanamke anayempenda na kesho yake wakaongea kazi, likabaki zima. Neno "mahaba" kwenye orodha ya jopo linalifunika tukio hilo pamoja na yale ya hiari bila kutofautisha. Mwaka 1992 baadhi ya wahakiki walilitaja, lakini sauti yao ilizama, kwa sababu dunia nzima ilikuwa ikizungumzia sekunde chache za Stone akihojiwa polisi, amevaa nguo nyeupe, amekaa kwenye kiti, akibadili mkao wa miguu.

Na kuhusu sekunde hizo: katika kitabu cha maisha yake cha 2021, Stone ameandika kwamba aliombwa avue nguo ya ndani kwa maelezo kuwa inaakisi mwanga, akahakikishiwa kwamba hakitaonekana kitu, na akaja kujua kilichopigwa siku alipoitazama kwenye chumba kilichojaa mawakala na wanasheria. Anasema alimzaba Verhoeven kofi. Verhoeven anakanusha, anasema Stone alijua kila kitu. Siwezi kuwaamulia. Ila kijana wa leo hakutani na tukio hilo ndani ya filamu ya saa mbili; anakutana nalo kama kipande kifupi kwenye simu, mara nyingi kimegeuzwa kichekesho, hakina Nick, hakina Beth, hakina hoja ya nani aliridhia nini. Daraja la umri lililobandikwa kwenye filamu nzima halikifuati kipande hicho kokote kinakoenda.

Hili linatufikisha kwenye mazingira yetu. Kenya ina KFCB, bodi ya kuainisha filamu, inayozigawa katika GE (ya watu wote), PG (kwa uangalizi wa mzazi), 16 na 18, na kanuni za utangazaji zinataka televisheni iepuke maudhui ya watu wazima kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku. Tanzania ina Bodi ya Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Bodi hizi hutazama zaidi ya herufi za Marekani: The Wolf of Wall Street, iliyopewa R kwao, ilipigwa marufuku kabisa Kenya Januari 2014. Lakini uwezo wa bodi unaishia kwenye mlango wa sinema, king'amuzi na tangazo la barabarani. Kwa muda mrefu filamu za zamani zimetufikia kwa njia nyingine, kwenye duka la muvi ambapo kijana nyuma ya kompyuta anakujazia flashi kwa bei ya soda chache. Faili limeandikwa jina la filamu na mwaka, basi. Hakuna R wala 18. Na kwa kuwa kwenye vibanda filamu nyingi hupita kwanza kwa mfasiri anayeongea juu ya picha, sauti ya Beth akisema acha inaweza isimfikie mtazamaji kabisa. Mfasiri hodari atatia utani wake pale pale.

Kwa hiyo mzazi anayetaka jibu aache asilimia kwanza. Aanze kwa kuuliza ni toleo lipi lililo mbele yake, maana lililokatwa na lisilokatwa yanapishana kwa chini ya dakika moja na jina la faili halitamwambia. Kwenye IMDb, tovuti ya taarifa za filamu, kuna sehemu ya mwongozo wa wazazi inayoorodhesha tukio kwa tukio: ngono, damu, matusi, ulevi, vitisho. Huandikwa na watumiaji wa kawaida na wengine hutia chumvi, lakini ina faida moja ambayo herufi haina, inaeleza nini kinatokea, kwa nani. Huduma kama Netflix zinaruhusu kufunga akaunti ya mtoto kwa daraja la umri na kuiwekea yako namba ya siri. Inafaa kufanya hivyo, ingawa kijana wa miaka 15 anayeishi na kaka mwenye bando atakupita kwa urahisi.

Mimi nikiulizwa Basic Instinct ni ya umri gani, nasema 18, na sisemi hivyo kwa sababu ya kile kiti cha polisi. Uchi ndicho kitu chepesi kuliko vyote humo. Nasema 18 kwa sababu filamu inaunganisha tamaa na mauaji kwa ustadi mkubwa mno, inamlazimisha mtazamaji asimame upande wa mwanamume aliyefanya alichomfanyia Beth, na haimsaidii hata kidogo kuliona hilo. Mtu mzima aliyekwisha kuishi kidogo anaweza kubishana nayo. Kijana ambaye hajawahi kuwa na mpenzi hana cha kubishania, ataichukua kama maelezo ya jinsi watu wazima wanavyoishi.

Kama ameshaiona, na wengi watakuwa wameshaiona kabla hujajua, sina imani na hotuba. Muulize tu alidhani nini kilitokea kati ya Nick na Beth. Jibu lake litakuambia zaidi ya umri wake. Na kama anachopenda ni fumbo la mauaji lenye mwanamke asiyeeleweka na jiji la San Francisco nyuma yake, mpe Vertigo ya Alfred Hitchcock, ya 1958, ambayo Verhoeven ameiazima waziwazi. Daraja lake ni PG, Marekani na Uingereza pia, na mpelelezi wake ni mtu wa kuogopwa vilevile. Tofauti ni kwamba Hitchcock anamwona.